Majibu kwa Wasomaji: Baba Alikuwa Fundi, Tumwandikeje?

Mwezi huu zimenifikia barua tatu zinazokaribiana kwa maudhui, nami nimeona ni vyema nizijibu pamoja. Zote zinamhusu fundi seremala aliyefariki, ingawa ya kwanza imetoka kwa binti, ya pili kwa mjane, na ya mwisho kwa kijana aliyefundishwa kazi na marehemu. Nimezifupisha kidogo na kuondoa majina.

*Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Baba yetu alikuwa fundi seremala hapa Tabora kwa zaidi ya miaka 50, na alifariki mwaka jana akiwa na umri wa miaka 75. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa ukurasa mmoja tuliouandika usiku wa kuamkia siku hiyo, na nilipokuwa nikiusikiliza nilihisi kwamba ukibadilishwa jina tu ungemfaa marehemu mwingine yeyote. Sasa misa ya kutimiza mwaka inakaribia, na ndugu zangu wamenipa mimi, kwa kuwa ni mwalimu, kazi ya kuandika kijitabu cha kumkumbuka kitakachogawiwa siku hiyo.*

*Yananitatiza mambo kadhaa. Baba hakuwa msemaji. Aliamka alfajiri, akaenda kwenye kibanda chake cha kazi, akarudi jioni akiwa na maranda kwenye nywele, akala, akasikiliza taarifa ya habari, akalala. Alitengeneza madawati ya shule niliyosoma, alitengeneza majeneza ya watu ambao hawakuwa na uwezo wa kulipa, na alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi, lakini sina kauli yake hata moja ninayoweza kuiandika. Nikimwuliza Mama hunijibu, "Alikuwa mume wangu, basi," kisha huendelea kuchambua mchele akiwa amekaa juu ya kigoda chake cha siku zote, kile ambacho mguu wake mmoja ni wa mti mwingine.*

*Aidha, ndani ya sanduku la vifaa tumekuta daftari la madeni lenye majina ya watu wengi wa mtaa huu, na pembeni mwa baadhi ya majina Baba ameandika neno moja tu: "basi". Mdogo wangu anataka majina hayo yachapishwe ili watu waujue wema wa Baba. Jambo la mwisho ni kwamba Baba na kaka yetu mkubwa hawakuzungumza kwa miaka 9, tangu kaka alipoacha useremala akaenda kuendesha malori. Walipatana kabla ya kifo, lakini sijui kama jambo hilo linaandikwa au linafichwa. Naomba msaada wako.*
*Binti wa Fundi, Tabora*

Marahaba, mwanangu, na pole sana; mwaka mmoja si muda mrefu kwa msiba wa mzazi.

Wasifu unaousema ninaufahamu vizuri, kwa sababu nimeusikia mara nyingi na nimewahi kuuandika mimi mwenyewe. Marehemu anazaliwa, anasoma, anaoa, anajaliwa watoto kadhaa, kisha anaanza kuumwa. Na kuanzia hapo maelezo yanakuwa marefu ghafla, hospitali ya kwanza, rufaa, hospitali ya pili, hali ilivyobadilika usiku, hadi mauti yalipomfika, kiasi kwamba mtu aliyefanya kazi kwa miaka 50 na kuugua kwa wiki 6 anazikwa kama mgonjwa. Katikati ya hayo huchomekwa sentensi moja ya kwamba alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. Siwalaumu wanaoandika hivyo, kwa kuwa huandikwa usiku, katikati ya vilio na mahesabu ya mchele, na anayejulikana kuwa na mwandiko mzuri ndiye anayesukumiwa kalamu. Wewe, hata hivyo, umepewa nafasi ya pili, tena una muda.

Nilipoandika wasifu wa mjomba wangu, ambaye naye alikuwa seremala, nilipanga sifa za namna hiyo mpaka ukurasa ukajaa. Baada ya mazishi bibi mmoja jirani aliniita kando, akaniambia kwamba mtu niliyemsoma hakumfahamu. Yeye alimfahamu yule aliyemtengenezea mlango, kisha siku ya tatu akarudi bila kuitwa, akauvua kwenye bawaba na kuupiga randa upande wa chini, kwa sababu alipokuwa akipita njiani aliusikia ukikwaruza sakafu. Hakuchukua hata senti moja zaidi. Mlango ule nimeuona, nao hadi leo unafunguka bila kelele, na mpaka leo najuta kwamba haumo katika karatasi niliyoisoma kaburini.

Kwa hiyo ninakushauri uanze na vitu, na sifa uziache zijitokeze zenyewe. Fundi asiyesema ameacha maelezo mengi kuliko mwanasiasa, ila maelezo hayo yametawanyika katika nyumba za watu, na kazi yako ni kuyafuata huko yaliko. Kwa kuwa mnajiandaa kwa misa, nikukumbushe pia kwamba Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa mafundi, hana neno hata moja lililonukuliwa katika Injili zote nne. Watu wa Nazareti walipotaka kumtambulisha mwanawe waliuliza, kama tunavyosoma katika Mathayo 13:55, kama huyu si mwana wa seremala. Walimtaja baba kwa kazi yake, na kila mtu aliyekuwapo akaelewa anayezungumziwa ni nani. Kanisa lenyewe lilimwekea sikukuu ya pili kama mfanyakazi, tarehe 1 Mei, mwaka 1955 chini ya Papa Pius XII. Ukimya wa baba yako usikutishe.

Anza na kigoda cha mama yako. Umekitaja kama kwa bahati, katika mkia wa sentensi, lakini mimi nilipofika hapo niliiweka barua chini. Fundi wa Tabora, mkoa wenye mninga, hamwekei mkewe mguu wa mti mwingine kwa kukosa mbao. Je, mguu ulivunjika, na nani aliuvunja? Je, aliutengeneza haraka akiwa na nia ya kuubadilisha baadaye, kisha mke akamkataza? Usimhoji mama yako kwa karatasi na kalamu, maana mtu anayehojiwa hujibu kama yuko mbele ya hakimu. Kaa naye, chambueni mchele wote wawili, kisha mwulize habari za mguu huo na si habari za mumewe. Halafu, siku nyingine, mwulize kitanda chao kilitengenezwa lini na kwa mbao gani, kwa sababu kwa mafundi wengi kitanda cha ndoa ndiyo kazi ya kwanza waliyoifanya bila kulipwa.

Ukishatoka nyumbani, nenda kwa majirani na daftari lako mwenyewe. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa watakujibu kwamba alikuwa mtu wa watu, na utarudi nyumbani na sentensi ile ile uliyoikimbia. Waulize aliwatengenezea nini, mwaka gani, mbao zilitoka wapi, na mlilipana vipi. Pindua meza juu chini, vuta droo mpaka itoke yote na utazame chini yake, kwa maana mafundi wengi huandika vipimo kwa penseli mahali ambapo mteja hataangalia, na huenda ukakuta mwandiko wa baba yako umekaa gizani kwa miaka 40. Upige picha. Andika na jina la mti, kwa sababu jina hilo nalo lina habari: mninga, ambao gome lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, ukikauka vizuri haupindi ovyo, na fundi aliyeutumia kwa mlango wa mjane maskini wakati angeweza kumpa mbao laini za bei nafuu alikuwa amefanya uamuzi fulani, ingawa hakuutangaza.

Panga pia maisha yake kando ya maisha ya nchi, lakini pale tu yanapokutana kweli. Kwa umri uliouandika, baba yako alikuwa kijana mwenye nguvu zake mwaka 1974 Azimio la Musoma lilipoamua kwamba watoto wote waingie shule ya msingi, na mpango wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, ulipoanza mwaka 1977, madarasa yalijaa kabla ya madawati kupatikana. Ni nani aliyekaa chini siku hizo, na ni nani aliyeinuliwa kutoka sakafuni na dawati la baba yako? Watoto hao sasa ni watu wazima wenye wajukuu, na baadhi yao bado wanaishi mtaani kwenu. Kisha ikaja vita ya Kagera, na baada yake ile miezi 18 ya kufunga mikanda ambayo ilipita ikaendelea kuwa miaka. Bidhaa za dukani ziliadimika, misumari ikiwamo, na wazee watakueleza jinsi mafundi walivyong'oa misumari ya zamani kwenye mbao chakavu, wakainyoosha mmoja mmoja juu ya chuma, wakaitumia tena. Uliza kama baba yako alikuwa na kopo la misumari iliyonyooshwa. Nitashangaa kama hakuwa nalo, na sitashangaa hata kidogo ukilikuta bado liko rafuni. Mwaka 2016, Serikali ilipoiagiza mikoa imalize upungufu wa madawati kufikia tarehe 30 Juni, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 65. Chunguza alifanya nini katika miezi ile, kama alishika randa mwenyewe au alikaa kwenye benchi akiwaelekeza vijana.

Ubalozi wa nyumba kumi usiuache katika sentensi moja. Balozi hakuwa na mshahara wala ofisi, na kwa fundi seremala ofisi ilikuwa benchi la kazi. Watu walikuja na ugomvi wa mpaka wa shamba, au kuku aliyepotea, au mume aliyerudi usiku wa manane, wakaeleza huku msumeno ukiendelea, na naamini kuna kesi nyingi zilizokwisha kwa sababu tu mlalamikaji alichoka kupiga kelele kuushinda msumeno. Tafuta kisa kimoja cha aina hiyo, mlalamikaji na mlalamikiwa wote wakiwa tayari kisimuliwe, ukiandike kwa ukamilifu. Kisa kimoja kamili kina uzito kuliko orodha ya vyeo vitano.

Sasa nije kwenye daftari. Majina hayo yasichapishwe. Najua mdogo wako ana nia njema, lakini mtu aliyechukua jeneza la mtoto wake kwa mkopo na akashindwa kulipa hakumpa baba yenu ruhusa ya kuitangaza siku hiyo mbele ya kanisa, na baba yenu mwenyewe, ambaye alikuwa na miaka yote hiyo ya kuitangaza, alilifungia daftari sandukuni. Mkilichapisha mtakuwa mmemtangulia kusema jambo ambalo yeye alichagua kunyamaza. Tena, kisheria, madeni ambayo hayajasamehewa ni sehemu ya mali aliyoiacha, hivyo msimamizi wa mirathi anapaswa kuliona daftari hilo hata kama wengine hawatalisoma. Na pale palipoandikwa "basi" familia nzima ikubaliane kuliheshimu neno hilo.

Neno lenyewe ndilo ninalotaka ulitazame. Umeniandikia kwamba huna kauli ya baba yako hata moja, na sentensi chache baadaye ukanitumia kauli yake ikiwa na mwandiko wake mwenyewe. Basi. Hakuandika "nimesamehe", wala "sadaka", wala "Mungu atanilipa". Mama yako naye, ulipomwuliza juu ya mtu aliyeishi naye maisha yake yote, alikujibu kwa neno hilo hilo, na sidhani kwamba alikuwa anakufukuza. Watu wawili wakilala nyumba moja kwa nusu karne hugawana hata namna ya kufunga mazungumzo. Hesabu ni mara ngapi limeandikwa katika daftari, uitaje idadi hiyo katika kijitabu bila jina la mtu yeyote, na upige picha ya neno lenyewe kwa karibu, jina la pembeni likiwa limefunikwa. Nakuhakikishia kwamba kila mwenye jina lake humo atajijua atakapoiona picha hiyo, na hakuna mwingine atakayemjua.

Kuhusu kaka yako, ningeandika, lakini si bila yeye. Mpelekee sentensi hiyo kabla ya kuichapisha, aipunguze au aiongeze. Miaka 9 ya kutozungumza ni sehemu ya maisha ya baba aliyependa kazi yake kupita kiasi, na wanaomjua wanaijua. Mkiiruka, watauliza kimoyomoyo ni mambo gani mengine mmeyaruka. Sentensi mbili zinatosha: kwamba walitengana kwa sababu hii, na kwamba walipatana namna hii. Namna walivyopatana hukunieleza. Nashuku palihusika lori na mzigo wa mbao, lakini hilo ni la kwenu.

*Mheshimiwa Mhariri. Mume wangu, mchonga milango wa hapa Unguja, alifariki ghafla, na mimi nimemaliza eda wiki iliyopita. Ameacha patasi zaidi ya 30, tezo, randa za zamani, na mlango mmoja ambao miimo yake, yaani nguzo za pembeni, imekwisha kuchongwa, lakini mfaa, ule ubao wa katikati, umefika nusu tu. Mwenye mlango alikwisha kutoa arubuni. Wanangu wanataka kuuza vifaa vyote. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa marehemu ameniomba baadhi yake. Mimi ningependa vifaa hivyo vikae kabatini kama kumbukumbu, maana nikizishika patasi nahisi joto la mkono wake. Nani kati yetu ana haki?*
*Mjane, Unguja*

Dada yangu, pole sana, na Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Jambo lako lina upande wa sheria na upande wa moyo, na nitatangulia na sheria kwa sababu ni fupi.

Deni hulipwa kwanza. Arubuni iliyopokelewa kwa kazi isiyokwisha ni deni, kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kugawana patasi, mwenye mlango aamue kama anataka mlango umalizwe au arudishiwe fedha yake. Baada ya madeni hutazamwa wasia, kama upo, nao hauzidi theluthi moja ya mali, kisha kinachobaki hugawanywa kwa warithi, na wewe, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, una thumuni, yaani moja ya nane. Vifaa vimo ndani ya hesabu hiyo. Si vyako peke yako, wala si vya watoto peke yao, na kijana yule hawezi kudai chochote isipokuwa kwa wasia au kwa hiari ya warithi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana itawasaidia kupanga mgao, na ninawasihi mwende huko kabla ugomvi haujaota mizizi.

Upande wa moyo ni mgumu zaidi. Umewahi kupita Mji Mkongwe ukaitazama milango kwa utulivu? Kwenye kizingiti cha juu utakuta aya ya Kurani, na kwenye mingine mwaka wa Hijria, pengine na jina la mwenye nyumba. Jina la aliyekaa chini na patasi miezi mingi ni nadra sana kulikuta. Mji ule uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, watu wanapanda ndege kuja kuipiga picha milango hiyo, na wengi wa waliotengeneza kitu kinachopigwa picha hawajulikani. Mume wako anaelekea kuongezwa katika kundi hilo, na patasi zikifungiwa kabatini hazitamzuia kuingia humo.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Chagua patasi moja, ile ambayo mpini wake umeliwa zaidi na kiganja, uiombe katika fungu lako na ukae nayo. Kisha wewe na wanao mkae na yule kijana mmweleze kwamba mnampa kazi kabla ya kumpa vifaa: amalizie mfaa, kama mwenye mlango ameridhia, kwa malipo yaliyobaki. Mwambie asijaribu kuficha mahali mkono wa mwalimu wake ulipoishia na wake ulipoanza. Fundi mzuri ana hamu ya kupitisha msasa kila mahali mpaka pasijulikane, lakini hapa paachwe pajulikane. Mwenye mlango aelezwe sababu, na mimi nina hakika kwamba ataukubali mlango wa namna hiyo kwa furaha zaidi kuliko ule alioagiza. Akiimaliza kazi hiyo vizuri, mtakuwa mmejua ni vifaa gani vimwendee, na kwa bei gani ya haki kwa warithi.

Nyinyi mnaijua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Watoto unao. Elimu yenye manufaa imesimama mlangoni kwako inaomba patasi. Kuhusu sadaka, hukutaja chochote, lakini baadhi ya mafundi wa pwani wana desturi ya kutoa kiunza, ule ubao wa kumfunika maiti kaburini, na kutengeneza tusi la msikiti, yaani jeneza la kubebea maiti, bila kudai ujira. Waulize wazee wa msikiti wenu, na usishangae wakikuonyesha mbao iliyokwisha kuwabeba majirani zako wengi, naye mwenyewe mwishoni.

Na uandike, hata kama ni kwenye daftari la shule: milango aliyoichonga, nyumba ilipo, mtaa, mwaka kama unaukumbuka, na nakshi aliyoipenda. Baadhi ya nyumba hizo zimebadilisha wenyewe mara mbili au tatu, na wewe huenda ndiye mtu pekee aliyebaki anayejua kwamba ule mlango wa kona ulichongwa mwaka ule mwanao wa pili alipougua surua na baba yake akawa anachonga usiku kwa taa ili mchana akushikie mtoto. Hayo umeniandikia katika sehemu ya barua ambayo sikuichapisha. Yarudie humo.

*Mhariri, mwalimu wangu wa useremala amefariki, na familia yake imenipa dakika 2 za kuzungumza kwenye arobaini. Mimi si mzungumzaji na naogopa nitalia. Alinichukua nikiwa sina kazi wala ada ya chuo. Miezi 3 ya mwanzo hakuniruhusu kugusa mbao. Nilinoa patasi tu, na kila jioni aliipitisha kwenye nywele za mkono wake, zikinyoleka ananyamaza, zisiponyoleka ananirudishia. Patasi hiyo alinipa nilipoondoka. Niseme nini?*
*Mwanafunzi wa Kazi, Kigoma*

Kijana wangu, umekwisha kusema. Sentensi tatu zilizotangulia swali lako, ukizisoma polepole, zinachukua nusu dakika. Iliyobaki itumie kueleza siku ya kwanza nywele ziliponyoleka, alifanya nini na wewe ulifanya nini. Usiongeze kwamba alikuwa baba wa wote wala taa ya jamii, kwa kuwa watakaokutangulia watakuwa wamekwisha kuyasema hayo. Ukilia, simama hapo hapo, watu watakungoja. Patasi nenda nayo uwaonyeshe, lakini ifunge kitambaa kabla ya kuitia mfukoni, maana kwa maelezo yako bado inanyoa.